Mtoto wa kea, nesi, dereva na wa maboksi ya chakula: mwongozo kamili wa kupata nafasi shuleni kwenye lokdauni ya korona ya Januari 2021, England

Hii niliandika mwisho wa Januari 2021, kwenye lokdauni ya korona, na inahusu England; sheria na masharti yote humu ni ya wakati huo. Toka shule zifungwe tena tarehe 5 napata swali lile lile karibu kila siku kutoka kwa wazazi: mimi ni kea (mhudumu wa wazee na wagonjwa), mume wangu yuko kwenye ghala, je mtoto anaruhusiwa kwenda shule au hapana, mbona shule wamenijibu hivi. Wengi wamekubali "hapana" ya kwanza waliyopewa kwenye simu na sahivi wanatoka naiti saa mbili asubuhi, wanafika nyumbani wanakaa na mtoto wa miaka sita mbele ya laptop mpaka saa tisa mchana, wanalala masaa matatu alafu saa mbili usiku wanaripoti tena kazini kuwageuza wazee vitandani na kuwapa dawa. Mtu aliyechoka hivo ni hatari kwake na kwa anaowahudumia, na mara nyingi mtoto wake alistahili nafasi tangu siku ya kwanza.

Shule zimefungwa kivipi

Hazijafungwa kabisa. Machi 2020 waziri wa elimu Gavin Williamson alitangaza tarehe 18 kwamba kuanzia mwisho wa siku ya Ijumaa tarehe 20 shule zifunge isipokuwa kwa makundi mawili, watoto wa wafanyakazi wa kazi muhimu na watoto walio kwenye mazingira magumu. Safari hii waziri mkuu Boris Johnson katangaza usiku wa tarehe 4 Januari, shule nyingi za msingi zikiwa zimefungua siku moja tu, na makundi ni yale yale mawili. Kwenye fomu utakuta imeandikwa critical worker, zamani walikuwa wanasema key worker, ni kitu kimoja.

Tofauti kubwa iko kwenye idadi. Mwaka jana mwezi wa tatu na wa nne watu waliogopa, karibu kila mtu alikaa na wanawe na waliokwenda shule hawakufika hata asilimia 5. Sahivi kazi nyingi zinaendelea, takwimu za wizara ya elimu za katikati ya Januari zinaonyesha kama asilimia 14 ya wanafunzi wako shuleni, na kwa shule za msingi ni kama mtoto mmoja kati ya watano. Walimu wakuu wamebanwa kweli, nao wana walimu wanaoumwa, kwa hiyo baadhi ya shule zimeanza kutunga masharti yao wenyewe ambayo kwenye mwongozo wa wizara hayapo. Hapo ndo watu wetu wanapokwama.

Kama mtoto wako yuko nasari au kwa mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa, huhitaji kuomba chochote kama mfanyakazi muhimu, hizo safari hii ziko wazi kwa watoto wote. Masharti yanaanzia darasa la Reception (lile la kwanza kabisa shule ya msingi) kwenda juu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kazi yako imo kwenye orodha

Serikali ina orodha yenye mafungu manane: afya na huduma za jamii, elimu na malezi, huduma muhimu za umma, serikali kuu na za mitaa, chakula na bidhaa za lazima, ulinzi na usalama, usafiri na mipaka, na mwisho umeme, maji, mawasiliano, posta na benki. Usiangalie cheo chako kikubwa au kidogo, angalia kazi yako inashikilia nini.

Kea, nesi, HCA (msaidizi wa huduma za afya), hao hawana mjadala, na ni sawa uwe kwenye nyumba ya wazee, hospitali au unazunguka majumbani kwa watu. Ila fungu hilo hilo linachukua pia wafanyakazi wa kuiwezesha sekta isimame, kwa hiyo dada unayefagia wodi, unayepika jikoni hospitali, unayefua mashuka ya nyumba ya wazee, umo. Nasisitiza hili kwa sababu wasafishaji wengi wanajitoa wenyewe kabla hata ya kuuliza, wanadhani orodha ni ya madaktari.

Kwa watu wa maboksi inategemea ndani ya boksi kuna nini. Ghala la chakula au dawa, kiwanda cha kupaki nyama au mboga, supamaketi, gari la kusambaza chakula, hayo yote yamo. Ghala la nguo na viatu halimo kwa fungu hilo, hata kama bosi wako anasema lazima uje kazini, maana kuruhusiwa kwenda kazini ni jambo moja na kuwa kwenye orodha ni jingine. Dereva wa basi, treni na lori la mizigo yumo. Msafishaji wa ofisi za kawaida hayumo, msafishaji wa shule yumo. Posta imo. Viongozi wa dini wamo na wanaoshughulikia maiti pia, hii wengi hawaijui. Mlinzi inategemea analinda nini, wa hospitali na wa duka la nguo lililofungwa hawawezi kuwa sawa.

Alafu wizara inasema umuulize mwajiri wako athibitishe kwamba kazi yako wewe, hiyo hiyo unayofanya, inahitajika ili huduma isisimame. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumfuata ni meneja wako, kabla ya shule.

Hatua ya pili: mzazi mmoja anatosha

Soma hapa mara mbili maana ndo kosa linalofanyika zaidi. Mwongozo wa wizara unasema mtoto mwenye mzazi au mlezi angalau mmoja aliye mfanyakazi muhimu anaweza kwenda shule. Mmoja. Shule ikikwambia lazima wote wawili muwe wafanyakazi muhimu, hayo ni masharti yao.

Lakini kuna sentensi ya pili ambayo lazima tuwe wakweli nayo, kwamba wazazi wanaoweza kukaa na watoto nyumbani wakae nao. Lengo zima ni kupunguza watu kukutana, na hospitali mwezi huu zimejaa kuliko hata mwaka jana mwezi wa nne. Kwa hiyo kama mwenzako hana kazi kwa sasa, mzima, yuko nyumbani mchana kutwa na anaweza kumsimamia mtoto, mimi nakushauri usiombe, au omba siku zile tu ambazo haiwezekani, hiyo nafasi ina mtoto mwingine anaihitaji. Ila mwenzako kama anafanya kazi kwenye laptop masaa nane na mikutano juu, au anatoka naiti na lazima alale, au anaumwa, hapo hamuwezi na mna sababu. Mwongozo haujasema mzazi anayeweza kukaa nyumbani ni yule ambaye mwili wake tu upo nyumbani.

Watu wa naiti hasa waeleze hili vizuri, maana ofisi ya shule inaangalia saa, inaona zamu yako ni saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, inasema mchana uko huru. Waambie wazi: nalala mchana ili usiku niweze kuhudumia wagonjwa. Kulala baada ya naiti ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hatua ya tatu: kusanya makaratasi kabla ya kupiga simu

Shule inaruhusiwa kuomba ushahidi mdogo, na mfano uliotajwa kwenye mwongozo ni beji ya kazi au slipu ya mshahara. Huhitaji mwanasheria wala kuonyesha visa. Kwa mtu mwenye mkataba wa kawaida, picha ya beji na slipu ya mwezi wa 12 inatosha. Barua ya mwajiri sio lazima ila inasaidia sana, na iwe na jina lako, cheo, mahali unapofanyia kazi, sentensi moja kwamba kazi yako ni muhimu kwenye huduma za afya na jamii au chakula au lolote lile, na siku unazofanya. Mameneja wako bize, usimwachie atunge, iandike wewe mwenyewe umpelekee asaini na kuiweka kwenye karatasi ya kampuni. Ukimpelekea ikiwa tayari unaipata siku hiyo hiyo.

Watu wa ejensi ndo wanaoteseka, kwa sababu zamu zinakuja kwa meseji jioni kwa ajili ya kesho na slipu ina jina la ejensi ambalo halisemi kama unahudumia wazee au unauza nguo. Fanya hivi: omba ejensi ikuandikie kwamba unapelekwa kwenye nyumba za wazee au hospitali, chukua skrinshoti za zamu za wiki mbili tatu zilizopita zikionyesha mahali na saa, ongeza cheti cha DBS (ukaguzi wa rekodi ya jinai) au cha mafunzo kama unacho. Kuwa ejensi hakukutoi kwenye orodha, orodha inaangalia kazi na sio aina ya mkataba. Kwenye maombi sema wazi kwamba zamu zako zinabadilika, na uahidi kuwapa siku mapema kadri unavyozipata.

Hatua ya nne: omba kwa maandishi

Shule nyingi zina fomu kwenye tovuti yao au wametuma linki kwa imeili, jaza hiyo. Kama hakuna, andika imeili kwa ofisi ya shule na umweke mwalimu mkuu. Simu piga baadaye kuulizia tu, kwa sababu jibu la simu halina ushahidi, mtu wa mapokezi akisema hapana huna cha kuonyesha mbele.

Imeili iwe fupi, Kiingereza chepesi kinatosha. Anza na jina la mtoto na darasa lake. Sema wewe ni nani na unafanya kazi gani wapi, na taja fungu la kwenye orodha. Sema mwenzako anafanya nini na kwa nini hawezi kumsimamia mtoto saa hizo, au kama uko peke yako sema uko peke yako. Alafu siku, na hapa usiandike "wiki nzima" kama huhitaji wiki nzima, andika Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, hii inawapa shule picha kwamba unaomba kile tu unachohitaji na wanakupa kwa moyo mweupe. Malizia kwa kusema umeambatanisha beji na slipu. Kama zamu yako inaanza saa moja asubuhi uliza hapo hapo kama klabu ya asubuhi na ya baada ya masomo zipo, zinaruhusiwa kuendelea kwa watoto hawa ila sio kila shule imeziweza.

Wenye watoto shule mbili tofauti, omba kila shule peke yake. Mmoja kukubaliwa hakumvuti mwingine.

Hatua ya tano: wakikataa

Usigombane na mtu wa ofisini, huyo hajaamua yeye. Jibu imeili kwa upole umwombe mwalimu mkuu akueleze sababu kwa maandishi, na uweke mambo mawili kutoka kwenye mwongozo wa wizara: kwamba mzazi mmoja anatosha, na kwamba hakuna kikomo cha idadi ya watoto hawa wanaoweza kuhudhuria na shule hazitakiwi kuwawekea kikomo. La pili limeandikwa wazi kabisa kwenye mwongozo wa Januari hii, na wazazi wengi hawajalisikia.

Saa zingine shule inakataa wiki nzima ila iko tayari kutoa siku mbili. Mimi ningechukua hizo mbili leo na kuendelea kuzungumza juu ya ya tatu. Ukiona hakuna kinachosogea nenda kwenye bodi ya shule kwa utaratibu wao wa malalamiko, uko kwenye tovuti ya shule, na sambamba na hilo wasiliana na kaunsili yako (halmashauri ya eneo lako), idara ya elimu. Kaunsili pia ndo ya kuifuata kama shule yenu imefunga kabisa kwa sababu ya wagonjwa, wao wanaweza kusaidia kutafuta shule nyingine ya kumshikilia mtoto kwa muda.

Kuhusu visa, maana najua ndo kinachowanyamazisha watu

Elimu ya shule za serikali haihesabiki kama fedha za umma zile zilizoandikwa kwenye kadi yako ya ukaazi. Kama una visa yenye zuio la kupokea msaada wa serikali, kumpeleka mtoto shule hakuvunji zuio, na kuomba nafasi ya mfanyakazi muhimu hakuvunji pia, ni shule ile ile aliyokuwa anasoma mwezi wa 12. Orodha haina sharti la uraia. Nesi wa Kenya aliyefika mwaka jana na kea aliyezaliwa Leeds mbele ya orodha hiyo wako sawa.

Chakula cha bure ni habari nyingine kidogo. Mtoto wa Reception, Year 1 au Year 2 akiwa shuleni anakula bure bila kuangalia kipato cha wazazi. Wakubwa wanaangaliwa kipato, na toka mwaka jana serikali imefungua kwa muda kwa baadhi ya familia zenye zuio, mfano waliopewa kukaa kwa misingi ya maisha ya familia au wanaosaidiwa na kaunsili chini ya Section 17 (kifungu cha sheria ya watoto), kuna kiwango cha kipato. Anayestahili na yuko nyumbani anapata kapu la chakula au vocha ya £15 kwa wiki. Uliza shule, usikae kimya kwa kudhani haikuhusu.

Mlango wa pili ambao watu hawaugongi

Kama kazi yako haimo, bado kuna kundi la mazingira magumu. Wengi wakisikia hivo wanafikiria familia yenye soshowaka au mtoto mwenye EHCP (mpango rasmi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu), na ni kweli hao wamo, tena wao wanategemewa wahudhurie. Ila Januari hii wameongeza watoto wanaoshindwa kusoma nyumbani kwa sababu hawana kifaa au hawana sehemu tulivu ya kusomea. Fikiria chumba kimoja cha kupanga, watoto watatu wanagombania simu moja ya mama yenye bando la kuhesabu, hiyo ndo hali yenyewe inayozungumziwa. Mwambie mwalimu ukweli. Shule itaamua kati ya kumpa mtoto laptop kupitia mpango wa wizara, kusaidia data ya simu kwa kampuni zilizojiunga, au kumpa nafasi ya kuja shuleni, na hata ukipata laptop tu umeshasogea. Kuna aibu kubwa kwetu ya kusema nyumbani hakutoshi, lakini mtoto asipoonekana kwenye masomo wiki tatu shule itapiga simu tu, bora wewe uanze.

Ukishapata nafasi

Usitegemee darasa la kawaida. Watoto wanachanganywa kwenye vikundi vidogo, saa zingine Year 1 na Year 2 pamoja, wanasoma masomo yale yale ya mtandaoni huku msaidizi wa mwalimu akiwasimamia. Wanaobaki nyumbani wanatakiwa kupewa kazi ya masaa 3 kwa siku kwa wadogo wa Year 1 na 2, 4 kwa Year 3 mpaka 6, na 5 kwa sekondari, kwa hiyo zile siku mtoto haendi bado ana kazi ya kufanya.

Heshimu siku ulizoomba. Zamu ikifutwa waambie asubuhi mtoto haji, hakuna faini kwa mtoto wa mfanyakazi muhimu kubaki nyumbani ila wanapanga walimu na chakula kwa majina. Na mtoto au yeyote nyumbani akipata homa, kikohozi kipya kisichokoma au akapoteza harufu na ladha, hakuna kwenda, mnajitenga siku 10 na mwenye dalili anapima. Najua ejensi hailipi siku hizo na najua kodi ya nyumba haisubiri. Lakini wewe unaingia kwenye vyumba vya wazee wa miaka 85, usimpeleke.

Ukikosa kabisa

Kuna utaratibu wa nyumba mbili kuungana kwa ajili ya malezi, watoto wa miaka 13 kushuka chini, nyumba moja na nyingine moja, hao hao bila kubadilisha na bila malipo. Dada yako au jirani mnayeaminiana mwenye zamu tofauti na zako anafaa kabisa. Ukimlipa mtu awalee nyumbani kwake watoto chini ya miaka 8 zaidi ya masaa mawili kwa siku, huyo anatakiwa awe amesajiliwa, kwa hiyo msiingizane kwenye matatizo.

Kwa mwajiri, unaweza kuomba furlo (unakaa nyumbani huku serikali ikilipia sehemu ya mshahara) kwa sababu ya malezi, inaruhusiwa, ila uamuzi ni wa mwajiri na nyumba za wazee mara nyingi hazitoi maana zinakosa watu. Mwajiriwa wa kudumu ana haki ya ruhusa ya dharura kwa ajili ya mtoto kuanzia siku ya kwanza kazini, haina malipo kisheria. Aliyefikisha mwaka ana likizo ya mzazi isiyo na malipo mpaka wiki 4 kwa mwaka kwa kila mtoto, unatoa taarifa siku 21 kabla.

Mlioko Scotland, Wales na Northern Ireland, kila nchi ina orodha yake na fomu zake, nyingi zinapita kwa kaunsili, angalieni za kwenu.

Hafu-temu inakuja

Tarehe 27 Johnson amesema shule hazifunguki kwa wote kabla ya tarehe 8 Machi, na wizara imeshatoa taarifa kwamba wiki ya mapumziko ya Februari, kwa kaunsili nyingi ni tarehe 15 mpaka 19, shule hazitegemewi kubaki wazi hata kwa watoto wetu. Siku tano hizo hazina shule, kwa hiyo omba likizo ya mwaka leo kabla rota haijatoka, au badilishana zamu na mwenzako sasa hivi, au uliza kaunsili na shule kama kuna klabu ya likizo inayochukua watoto wa wafanyakazi muhimu. Na ukiwa unaongea na ofisi ya shule waulize pia kama nafasi yako inaendelea yenyewe kuanzia tarehe 22 au wanataka fomu upya, kwa sababu baadhi wanaomba upya kila baada ya likizo na anayechelewa anakuta kikundi kimejaa.